Malaria Huja na Mvua, Fedha Huja na Kiangazi

Tabora, Julai 2025

WARAKA KWA WANACHAMA WOTE
Matawi ya Tabora Mjini, Sikonge, Urambo, Nzega na Igunga

YAH: GHARAMA ZA MATIBABU NA MATUMIZI YA MFUKO WETU



Kilichonifanya niwaandikie ni daftari. Daftari la chama lina kurasa za Misiba mwanzoni na kurasa za Wagonjwa mwishoni, kama tulivyolipanga siku tulipoanza kusaidiana. Wiki iliyopita nililipitia lote kabla ya kulikabidhi kwa wakaguzi. Upande wa Misiba umejaa mpaka nimeshona karatasi za ziada. Upande wa Wagonjwa, kwa mwaka mzima, una mistari minne. Miwili kati ya hiyo nimeikata kwa kalamu nyekundu, maana kabla michango haijatimia jina lilikuwa limekwisha kuhamia mwanzoni mwa daftari.

Sisi ni hodari wa kuzika. Mtu akifariki mtaa wa Ng'ambo alfajiri, saa mbili asubuhi turubai liko juu, masufuria yako mafigani, mchele umepimwa, na aliyeko Urambo amekwisha tuma mchango wake kwa simu. Lakini mtu huyohuyo alipolala wodini wiki tatu, tulimpelekea juisi na pole. Simlaumu yeyote. Katiba ya chama ndivyo inavyosema, na siku inaandikwa kalamu nilikuwa nimeishika mimi. Nawaomba tuibadilishe.

Wengi mnanijua. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka kustaafu. Miaka mingi nilisimama ndani ya dirisha la dawa, siku hizi nasimama nje yake, kwenye foleni. Nitakayoyasema nimeyaona kutoka pande zote mbili, na mengine nimeyatenda mwenyewe.

Mkoa wetu una msimu wa fedha na msimu wa homa, na misimu hiyo haikutani. Januari na Februari ghala limekwisha, mwenye tumbaku yuko shambani kwa mkopo wa pembejeo, mpunga wa Igunga bado ni kijani majarubani. Ndipo mbu wanapozaliana, na kadiri mvua zinavyoelekea ukingoni ndivyo wodi ya watoto inavyojaa. Fedha zenyewe huanza kuonekana masoko ya tumbaku yakifunguliwa. Mpunga na pamba hufuata, na asali hurinwa kiangazi. Mtoto anaugua mfuko ukiwa mtupu, na mfuko unajaa mtoto akiwa uwanjani anacheza.

Kwa hiyo anayelipia matibabu mwezi wa pili halipi bei iliyobandikwa ukutani. Analipa bei hiyo pamoja na hasara ya mbuzi aliyeuzwa kwa bei ya shida, au gunia la mpunga aliloliuza likiwa bado shambani, au riba ya wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu. Tukizungumza kwamba matibabu yamepanda bei, na yamepanda kweli, tuanzie hapo. Sehemu ya mzigo ni bei ya dawa. Sehemu nyingine ni bei ya kuchelewa, na hiyo inatupata kwa sababu tunatafuta fedha wakati ambao hatuna.

Wazee wetu wa njia ya misafara walikuwa na jina la malipo ya namna hii: hongo. Kabla neno halijapata maana yake ya leo, hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara uliotoka Bagamoyo kuja hapa kwetu Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji ulipita Ugogo, na ndani ya Ugogo kila mtawala alisimamisha msafara akadai doti zake za nguo za merikani na kaniki, na shanga juu yake. Majadiliano yalichukua siku mbili, siku tatu, watu wakila akiba ya chakula na kununua maji. Wenye misafara midogo walijifunza kusubiriana Mpwapwa, wakaingia Ugogo wakiwa kundi kubwa, kwa sababu mdogo aliyepita peke yake alikamuliwa mpaka nguo ya mwisho.

Leo wanaopita njia ile ni wagonjwa wetu, nao wanaelekea mashariki. Zahanati ikishindwa ni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa, Kitete. Kitete wakiona tatizo limewazidi, karatasi ya rufaa inaandikwa kwenda hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, katikati ya Ugogo uleule, au Muhimbili; wengine wanapandishwa kaskazini hadi Bugando, Mwanza. Kila kituo kina doti zake: kufungua faili, kumwona daktari, kipimo, dawa iliyokwisha dirishani ila ipo duka lililo mkabala na geti, halafu nauli ya msindikizaji, chakula cha msindikizaji, mahali pa kulala msindikizaji. Sisemi kwamba ada halali ni rushwa, msinielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba mtu anayelipa peke yake, kituo baada ya kituo, huku amemwegemeza mgonjwa begani, hana nafasi ya kuuliza bei wala sababu yake. Mwenye nafasi hiyo ni aliyelipa mapema na mwenye watu nyuma yake.

Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba haikuwa hivi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu ya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali za biashara zilipigwa marufuku. Bure ile ilikuwa na heshima yake. Nimesoma na watu ambao wasingeuona ujana wao bila hiyo. Ila ilipofika miaka ya 1980 ilikuwa imebaki bure ya kuta. Daktari yupo, kitanda kipo, dawa hakuna, na glavu uje nazo. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na 1993 ukaingia utaratibu wa kuchangia gharama, ukianzia hospitali kubwa. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasio na uwezo na wenye maradhi kama kifua kikuu wakasamehewa. Msamaha huo upo hata leo, na bado naona mzee anachajiwa kwa sababu hakuna aliyemwambia aende kwanza kwa mtendaji wa kijiji au ustawi wa jamii kuchukua barua.

Na hapa ndipo mkoa wetu unapoingia kwenye historia ya nchi. Mwaka 1996, serikali ilipotafuta wilaya ya kujaribia mfuko wa afya ya jamii (CHF), haikwenda Moshi wala Dar es Salaam. Ilikuja Igunga. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka ikatibiwa bila kulipa tena dirishani, na kwa kila shilingi ya mwananchi serikali iliahidi kuweka nyingine. Ndiyo iliyoitwa tele kwa tele. Sheria ya CHF kwa nchi nzima ilifuata mwaka 2001. Kwa hiyo mwanachama wa tawi la Igunga akiniambia bima ni mambo ya watumishi na watu wa mjini, mimi humshangaa. Watumishi walianza kukatwa fedha za mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, mwaka 2001. Sisi wenye majaruba tuliwatangulia miaka mitano.

Rwanda walianza majaribio yao 1999, miaka mitatu baada ya Igunga. Leo bima yao ya jamii inagusa karibu kila nyumba. Sisi tulioanza mapema tulikwama, na kukwama kwetu sikuoni kuwa ni ujinga wa wananchi kama wakubwa wengine wanavyopenda kusema. Kadi ilifanya kazi katika kituo ulichojiandikishia tu. Ukipewa rufaa ya hospitali unaanza upya kulipa. Ukifika dirishani unaambiwa dawa hakuna, kanunue. Palikuwa na vituo ambapo mwenye fedha taslimu aliitwa kwanza, na mwenye kadi akaambiwa asubiri pale kwenye benchi. Nani ataleta fedha yake mwaka wa pili? Wazima wakajitoa kimyakimya. Wakabaki wenye maradhi ya kudumu, na mfuko wa wagonjwa watupu haujai hata ukiwekewa tele ngapi.

Mwaka 2018 ukaja mfumo wa CHF iliyoboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita ikapangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka, mwandikishaji akiwafuata kijijini na simu yake, akiwapiga picha, na kadi ikitumika kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Hesabu hiyo ilikuwa shilingi 5,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima. Kwa kiasi hicho hicho, mwaka 1996, Igunga waliandikisha kaya nzima. Lakini mnajua 5,000 ya wakati ule ilinunua nini. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, na viwango na taratibu vinabadilika. Kiwango kitakachokuwa kinatumika nitakisoma mkutanoni kutoka karatasi ya halmashauri, si kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kabla hatujalaumu mifuko, tujitazame. Mnakumbuka Toto Afya Kadi, bima ya NHIF ya watoto, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Machi 2023 NHIF ilisitisha kuandikisha mtoto mmojammoja ikaelekeza waandikishwe kwa makundi kupitia shule, kwa kuwa michango ilizidiwa mbali na malipo ya matibabu. Tulilalamika sana. Lakini ukweli ni kwamba nyumba nyingi zilikuwa na watoto wanne na kadi moja, na kadi ile ilikuwa ya mtoto mwenye selimundu, au mwenye pumu, au aliyekwisha pangiwa upasuaji. Wazima tuliwaacha, tukasema watakatiwa wakiugua. Nawajua waliofanya hivyo. Mmoja wao namwona kila asubuhi kwenye kioo nikipiga mswaki. Mjukuu wangu mmoja alikuwa na kadi, wenzake watatu hawakuwa nayo. Ni sawa na mtu asiyechanga katika msiba wowote, halafu akaja kutoa mchango wake wa kwanza siku hiyohiyo anapouguza mtu wa kukata roho. Katika chama hiki mtu wa namna hiyo tungemwita nani?

Hata wakubwa nao hawajakubaliana bei. Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha kupokea wanachama wa NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha mafao na bei zake: mfuko ukisema bei za zamani zinaufilisi, hospitali zikisema bei mpya haziwarudishii gharama. Wote wawili walikuwa na hesabu zao. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa aliyesimama mapokezi na kadi mkononi kama kipimo alichokuwa anakifuata kilihitajika.

Hilo ndilo jambo ambalo wenzangu wa magauni meupe hawatanishukuru kwa kulitaja. Mwezi wa tatu shemeji yangu wa Isevya alishikwa na homa. Akaenda kwenye kliniki moja, jina lake nalihifadhi. Akapimwa damu na mkojo, akaambiwa ana taifodi na yutiai. Akatundikiwa dripu tatu, akachomwa sindano asubuhi na jioni siku tano. Aliuza simu yake. Siku ya sita homa iko palepale, akaja kwangu, nikampeleka zahanati ya serikali. Kipimo cha haraka cha malaria, tone moja la damu ya kidole, dakika kama ishirini: malaria. Akapewa dawa mseto za siku tatu. Hakulipa kitu kwa kipimo wala kwa dawa.

Ni wangapi kati yenu ambao hamjawahi kuambiwa mna taifodi na yutiai? Kipimo wanachotumia wengi kwa taifodi, kile cha Widali, kilibuniwa mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi yake, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutokana na ugonjwa wa zamani, au ikaonekana kwa sababu ya maambukizi mengine kabisa. Ukipima foleni nzima ya watu wenye afya, baadhi wataonekana wana taifodi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, na hicho kinataka siku na vifaa. Basi ukiandikiwa sindano za siku tano kwa jibu la Widali peke yake, una haki ya kuuliza kwa adabu: daktari, malaria imepimwa? Upo uhakika gani? Dawa ya kumeza haifai?

Na dripu! Hapa kosa ni letu zaidi kuliko la daktari. Mtu asipotundikiwa chupa anarudi nyumbani kusema hakutibiwa. Chupa ya nusu lita ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Soda ya mililita 350 ina zaidi ya hapo. Kwa aliyezimia, anayetapika kila kitu, aliyeishiwa maji kwa kipindupindu, dripu ni uhai. Kwa mtu aliyekuja kwa miguu na anayeweza kunywa uji, amenunua maji ya sukari kwa bei ya mbuzi. Nimewahi kuwatundikia watu dripu nikijua hivyo, kwa sababu mume amekuja juu, na foleni ni ndefu, na kubishana kunachukua muda kuliko kutundika. Naungama.

Gharama ya mchezo huu hailipwi mara moja. Wazee wa Tabora mnaikumbuka klorokwini, ile iliyowasha mwili na kuacha uchungu mdomoni. Ilikuwa rahisi, ikameza kila homa, ikagawiwa kama karanga, mpaka vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 ikabadilishwa ikaja dawa ya SP. Nayo haikukaa, kuanzia mwishoni mwa 2006 tukaingia mseto. Kila dawa iliyochukua nafasi ilikuwa ghali kuliko iliyotangulia. Antibayotiki zinakwenda njia hiyohiyo. Kidonge cha taifodi isiyokuwepo unachomeza leo kinamwandalia mjukuu wako usugu ambao utatibiwa kwa sindano ya bei ambayo siwezi kuikisia. Ndugu zangu wenye maduka ya dawa, na mko humu chamani, msinichukie kwa kusema kwamba nusu dozi ya amoksilini kwa anayekohoa si huduma.

Na mkiandikiwa dawa, ulizeni jina lake lenyewe, si jina la kampuni. Paracetamol ni paracetamol, iwe imeandikwa Panadol au isiandikwe. Kwa presha na sukari tofauti ya jina la biashara na jina la dawa inaweza kuamua kama mtu atameza mwaka mzima au ataacha mwezi wa pili. Wanaoacha mwezi wa pili ndio ninaokutana nao baadaye wakisafirishwa kwenda kusafishwa damu kwa sababu figo zimekufa, mara tatu kwa wiki, kila wiki, na hakuna ng'ombe wa Igunga wa kutosha kulipia hilo. Mashine ya presha ninayo nyumbani. Kuanzia mkutano ujao nitakaa nayo mlangoni na hakuna atakayeingia bila kukunja mkono wa shati. Wenye mabani ya kukaushia tumbaku nitawauliza pia habari za kifua, na wanaochuma tumbaku yenye umande mikono mitupu nitawauliza kichefuchefu na kizunguzungu kile tunachokiita uchovu. Jani bichi lililolowa linapenyeza nikotini kwenye ngozi. Hiyo nayo ni gharama ya matibabu ingawa haijaandikwa kwenye risiti.

Mkiwapeleka wageni Kwihara kuona tembe la Livingstone, waambieni na habari ya sanduku. Daktari yule alikaa pale mwaka 1872, tangu Februari mpaka Agosti, akisubiri wapagazi. Miaka mitano kabla yake, huko kusini, watoro wa msafara wake waliondoka na sanduku la dawa, na kwa miaka akapita katika nchi ya homa na kuhara bila kinini, mtu aliyeijua kazi ya dawa hiyo kuliko wengi wa zama zake, mpaka mwandishi wa habari Stanley alipomletea nyingine Ujiji. Utaalamu bila dawa ulimfaa kidogo sana. Nalikumbuka sanduku lile kila ninaposikia kijana wetu mwenye shahada, amepangiwa zahanati ya Sikonge, anamwambia mgonjwa: hiyo hatuna.

Ila "hatuna" siku hizi si mwisho wa mazungumzo, na wengi hamlijui hili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za serikali inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kituo cha afya. Bohari ya Dawa ina ghala la kanda hapa hapa Tabora. Kitu kikikosekana Bohari, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, mfumo ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe waliotoka kwa wananchi, inayosimamia mpango na matumizi ya fedha hizo. Basi dawa ikikosekana maswali yapo: maombi yaliandikwa tarehe ngapi? Bohari walijibu nini kwa maandishi? Mshitiri aliulizwa? Salio la akaunti ni kiasi gani? Mganga mfawidhi mwadilifu atafurahi kuulizwa, kwa sababu barua ya kamati inamsaidia kudai juu. Asiye mwadilifu atakasirika, nanyi mtakuwa mmejifunza kitu. Nimefanya kazi na wa aina zote mbili, na nawahakikishia wa kwanza ni wengi.

Shida ni kwamba nafasi za kamati zinajazwa na yeyote aliyekuwepo siku ya mkutano wa kijiji. Mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipotuzidi, watu wa Kahama na Nzega hawakusubiri gari la polisi. Ulinzi wa sungusungu uliundwa, na kila kaya ilijua zamu yake. Sitaki mtu aende zahanati na upinde. Nataka zamu.

Kuna wanaoniambia tusubiri, wafadhili watasaidia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ndani ya siku moja, kwa saini moja, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Dawa na vipimo vya malaria na UKIMWI ambavyo tumezoea kuvipata bila kulipa vilinunuliwa kwa sehemu kubwa na fedha za nje. Sijui nani angependa kuendelea kusubiri baada ya hapo. Serikali yetu nayo iliahidi Abuja mwaka 2001, pamoja na wenzake wa Afrika, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na wabunge wetu wa Tabora wakija kuomba kura swali hilo liwe la kwanza. 

Ninayoyapendekeza kwa chama ni haya.

Kila kaya ya mwanachama iwe na bima kabla ya mwisho wa Septemba, fedha zikiwa bado mikononi. Walio kwenye vyama vya ushirika vya tumbaku, AMCOS, waombe makato yafanyike kwenye malipo, kama pembejeo zinavyokatwa. Mbona mbolea tunakatwa bila kulia? Wenye mpunga na asali watalipa kwa awamu kwa mweka hazina wa tawi, na risiti itatolewa hapohapo. Kaya nzima iandikishwe, wazima na wagonjwa, asiachwe mtoto kwa kuwa ana afya. Wajane na wazee walio peke yao watalipiwa na mfuko. Matawi yaniletee majina, na tafadhali asiletwe mjane mwenye fuso.

Fedha za kuwalipia zitoke kwenye Misiba. Najua hapa ndipo kelele zitakapoanzia. Sipendekezi tuache kuzika kwa heshima. Sanda, jeneza, usafiri na chakula cha siku ya maziko vibaki kama vilivyo. Napendekeza tuondoe ng'ombe wa arobaini. Marehemu hali, na wanaokula wengi wao walikuwa hawajui hata wodi aliyolazwa. Fedha ya ng'ombe huyo iwalipie wajane na wazee hao, na inayobaki iingie mfuko wa rufaa: mwanachama akipewa karatasi ya kwenda Dodoma au Mwanza, nauli ya mgonjwa na msindikizaji mmoja itoke siku hiyohiyo bila kuitisha kikao. Bima hailipi nauli, na nauli ndiyo iliyokata mistari miwili ya kalamu nyekundu niliyowaeleza. Kwa wajawazito wanaopata dharura, kumbukeni namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama haina malipo. Iandikeni ukutani kwa mkaa ikibidi.

Tena kila tawi lichague wawili wagombee kamati ya kituo chao, na angalau mmoja awe mama mwenye watoto wadogo, kwa sababu huyo ndiye anayejua dirisha lilifungwa saa ngapi. Nitakaa nao siku moja kuwafundisha kusoma leja ya dawa. Haina ugumu kuliko daftari la vikoba.

Mkutano ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, saa tatu asubuhi, mahali petu pa siku zote, chini ya mwembe. Njooni na namba ya NIDA ya mkuu wa kaya, na majina ya watoto kamili kama yalivyo kwenye vyeti, maana mwaka juzi tulipoteza siku nzima kwa ajili ya watoto watatu walioandikwa "Baby". Mwandikishaji atakuwepo na atapiga picha, kwa hiyo kaya ije yote, kila anayeweza kutembea. Wenye presha mje na dawa zenu kwenye mfuko, hata zilizokwisha, na karatasi zake.

Gari la mchele la ndugu yetu wa Nzega hushuka Tabora tupu kila Jumamosi jioni. Amekubali kuwabeba wa Igunga na Nzega bila nauli; wajiandikishe kwa mwenyekiti wa tawi kabla ya Alhamisi. Wa Urambo mtarudishiwa nusu ya nauli mkionyesha tiketi.

Wenu,
Katibu